Makabati Saba Yasiyogusa Ukuta

Bondeni, Nakuru
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Zuhura,

Kabla ya neno lolote, nieleze habari za goti lako. Binti yako Mwanaisha aliandika kwamba uliteleza kisimani, akakata barua hapo hapo na kunitumia salamu, na mimi nimekaa mwezi mzima sijui kama dada yangu anatembea au anabebwa. Mfinye sikio kwa niaba yangu, kisha umwambie aandike vizuri. Shemeji Bakari hajambo? Wale wadogo je, wamepona surua? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku imenipasua midomo, na ugali kwa kabichi nimeuchoka hadi nikiuona nasikia usingizi.

Najua umekasirika. Umesema nimekuwa mtu wa bara, nimesahau kwetu, miezi mitatu hakuna hata mstari mmoja. Basi leo sina kazi, kalamu ninayo, na nitakueleza miezi hiyo ilikwenda wapi. Ililiwa na makabati ya jikoni. Usicheke.

Tajiri wangu unamjua kwa barua zangu, yule Kalasinga mzee mwenye karakana nyuma ya soko. Asubuhi moja aliniita nikiwa kwenye randa, akasema, "Hamisi, wewe nakwenda Gilgil. Memsabu moja nataka kabati ya jikoni. Siku kumi tu, narudi." Nikabeba sanduku langu la vyombo na mablanketi mawili, nikapanda lori la mbao. Siku kumi! Nilirudi baada ya wiki tisa.

Shamba lenyewe liko mbele kidogo ya Gilgil, ukishuka kuelekea Kariandusi, pale wanapochimba ule udongo mweupe, mwepesi kama unga wa muhogo. Upepo ukivuma kutoka upande huo unameza vumbi tangu alfajiri. Nyumba ni ya mawe, kubwa, na jikoni kwao ni pana kuliko sebule yetu na ua wake. Ndani mlikuwa na jiko la chuma la kuni, meza moja ndefu iliyochakaa, na rafu zilizoinama. Na mlikuwa na mpishi, Mzee Barasa, mtu wa Kavirondo, upande wa ziwa, mrefu kama nguzo ya simu, amepika katika jiko lile miaka kumi na minane. Zamani alikuwa na wasaidizi wawili, Wakikuyu. Walipakiwa kwenye lori mwaka ule wa taabu ya Mau Mau, hawakurudi, na tangu hapo anafanya yote peke yake.

Memsabu alinionyesha ukurasa aliokata kwenye gazeti la kwao. Picha ya jikoni ya Ulaya. Makabati yamepangwa mstari mmoja, kila moja lina miguu yake, mlango wake, droo yake na ubao wake wa juu wa kufanyia kazi. Ukitaka unalichukua hili unaliweka pale, lile unalileta hapa, nayo yanakaa sawasawa kama mabehewa.

"Saba," akasema. "Yote urefu moja. Juu mbao ya mvule, chini podo. Na hapana gusa ukuta."

Nikamwambia kwa adabu, "Memsabu, kabati la jikoni likifungwa ukutani kwa skrubu mbili linatulia. Likiachwa wazi litatikisika kila mpishi akikata nyama."

"Hapana skrubu. Hapana msumari. Kabati nasimama yenyewe."

Nikadhani ni ukaidi tu. Dada, wewe unajua jinsi Baba alivyotufundisha, kwamba kitu kikitoka mkononi mwako kisitikisike. Nikaanza kazi na uchungu tayari moyoni.

Sakafu ya jikoni ile ni ya mawe ya zamani, katikati imebonyea. Kabati la kwanza nililimaliza, nikaliweka mahali pake, nikachukua pima maji, nikaranda mguu mmoja unene wa nywele mbili, likasimama kama limeota pale. Nikafurahi. La pili vivyo hivyo. Kesho yake nikiingia nikakuta Memsabu amelihamisha la kwanza chini ya dirisha na la pili karibu na mlango, na yote mawili yanacheza ngoma.

"Fundi, kabati yako nacheza."

"Yanacheza kwa sababu yamehamishwa, Memsabu. Niliyapima kwa pale yalipokuwa."

"Basi tengeneza isicheze popote."

Isicheze popote! Nilitoka nje nikaenda kukaa juu ya gogo, nikawaza nirudi Nakuru kwa miguu. Nilikaa pale mpaka hasira iliponishuka, ndipo nikaona pembeni rundo la vyuma vya matrekta mabovu. Nikachagua bolti nene ishirini na nane, nikatoboa kila mguu kwa chini, nikatia bolti. Ukiizungusha kulia mguu unarefuka, kushoto unafupika. Sasa kabati likihamishwa, unalala chini, unazungusha kidogo, limetulia. Nilijisifu mwenyewe maana hapakuwa na mtu wa kunisifu. Memsabu aliangalia bolti, akasema, "Hii nyeusi hapana pendeza. Paka rangi."

Halafu vanishi. Nikipaka asubuhi, adhuhuri upepo unakuja kutoka Kariandusi na ule unga mweupe unatua juu ya mvule wangu kama mtu ameupepeta makusudi. Napiga msasa, napaka tena. Upepo. Msasa. Mara ya tatu nilitundika mablanketi yangu mwenyewe madirishani, nikalala na koti siku nne.

Na Barasa! Memsabu ni mfupi, alitaka ubao wa juu ufike kiunoni kwake. Mwenye kupika pale si yeye. Barasa akikata vitunguu anapinda kama mundu. Siku moja ameinama pale, jasho linamtoka, akaniambia bila kuinuka, "Fundi, naona umeamua kunifundisha kuswali kama nyinyi."

"Si mimi, mzee. Ni amri."

"Najua. Lakini mgongo ni yangu."

Mbaya zaidi, Memsabu hakuacha kuyapanga upya. Leo kabati la unga liko karibu na jiko, keshokutwa liko huko mlangoni. Barasa alikuwa ameizoea jikoni yake hata angepika amefumba macho, sasa anazunguka na mwiko akitafuta sukari. Jumamosi moja walikuwa na wageni. Akatia mkono palipokuwa na sukari juzi, akachota, akatengeneza ile pudini yao ya maziwa. Ilikuwa chumvi. Bwana, mume wa Memsabu, aliitema mbele ya wageni, na kelele aliyopigiwa Barasa nilisikia mimi nikiwa bandani kwangu. Mtu mzima, Dada, mwenye wajukuu, anaitwa punda kwa sababu ya makabati yangu.

Lilipokaribia kwisha la saba, Memsabu alinijia na kamba ya kupimia, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Akapima upana wa mlango wa nyuma, akapima kabati, akaniambia mimi na Barasa tulibebe moja mpaka verandani, kisha tulirudishe. Tukafanya hivyo. Akauliza, "Lori moja nabeba saba?" Nikamwambia yakifunikwa vizuri kwa magunia lori litayabeba yote. Akatazama huku na huku, akasema, "Wewe usiseme kwa Bwana." Akaondoka.

Barasa aliweka chini kitambaa chake. "Umesikia?" akasema. "Wanaenda. Wanauza shamba, wanaenda kwao. Ndiyo maana hataki msumari."

Nikajaribu kumtuliza, lakini na mimi niliona hivyo hivyo. Na kwake halikuwa jambo dogo. Nyumba yake iko shambani mle, mahindi ya mkewe yako mle, ng'ombe wake wawili wanalisha mle, na wajukuu wanasoma pale pale. Shamba likiuzwa, mwenye kuja na mpishi wake atamwambia fungasha. Barasa alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kanisa akiosha vyombo. Akaacha. Siku tatu hakuimba, wala hakunitania tena juu ya kuinama.

Siku ya nne alipeleka chai verandani, Bwana akiwa peke yake na gazeti. Mimi nilikuwa dirishani natia bawaba, nikasikia yote.

"Bwana," Barasa akasema, "ukienda Ulaya mimi nitaenda wapi?"

"Nani amesema naenda Ulaya?"

"Hakuna mtu amesema. Ni kabati. Imepimwa na mlango."

Kisha nikasikia kiti kinasukumwa. Bwana aliingia jikoni, mtu mnene mwenye shingo nyekundu ambaye kwa wiki zote zile hakuwahi kutia mguu mle. Akasukuma kabati moja, likasogea. Akainama akaangalia bolti zangu. Nilimwona uso wake ukibadilika, Dada, na hapo ndipo nilipofahamu tulivyokosea mimi na Barasa. Wao hawakuwa wakienda mahali. Aliyekuwa akienda ni mke peke yake, na mume ndiyo kwanza anajua.

Memsabu akaingia. Wakasemezana kwa lugha yao. Kiingereza changu ni cha futi na inchi, lakini ugomvi wa mume na mke hauhitaji mkalimani. Hatimaye Bwana akanigeukia mimi.

"Wewe! Leta skrubu mrefu. Piga yote saba kwa ukuta. Leo."

"Hapana gusa!" Memsabu akasema.

Mimi katikati na bisibisi mkononi. Fikiria.

"Saa kumi narudi kuangalia," Bwana akasema. "Kama bado, nitamwambia D.O. wewe ni mtu ya fujo. Utaona Nakuru tena?"

Neno hilo mbele ya afisa wa wilaya huku si la mchezo. Watu wamebebwa kwa neno hilo, na hakuna aliyeuliza fujo gani. Akatoka, tukasikia gari lake likienda upande wa ng'ombe.

Memsabu alisimama akitazama nje. Nilimngojea anipigie kelele, maana nilishazizoea. Hakupiga. Akasema, na kwa mara ya kwanza aliniita jina, "Hamisi. Nyumba ni yake. Shamba ni yake. Kijiko, sahani, kitanda, yote ya mama yake. Mama yangu mimi alikufa, aliniachia kidogo sana. Nilinunua mbao na hiyo. Hii saba tu ni yangu."

Alipotoka nilikaa chini sakafuni pale pale, na nitakwambia nilichokiona, nawe usilie. Nilikuona wewe. Niliona ile siku nilipokuja na mkokoteni kukuchukua kwa yule mume wako wa kwanza, umesimama uani na furushi lako la nguo, na yeye amekaa mlangoni anasema kitanda hakitoki. Kitanda alichokichonga Baba kwa mikono yake kwa ajili ya arusi yako. Nilirudi nikisukuma mkokoteni mtupu, wewe unatembea kando na furushi lako mpaka nyumbani. Nilikuwa na nguvu za kumpiga, sikumpiga, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Huyu mama, Dada, amenitesa. Amenichosha mwili na roho. Hakuwahi kuniambia ahsante. Lakini niliinuka nikachukua keekee.

Nikatoboa ukutani matundu kumi na manne, kila kabati mawili. Ila sikufika kwenye jiwe. Nilitoboa chokaa tu, nikachonga vigingi vya mti mlaini vifupi kama kucha ya kidole gumba, nikavigonga humo, nikakaza skrubu ndefu zilizong'aa vichwa. Sehemu yote ya skrubu iliyozidi nilikuwa nimeikata kwanza kwa msumeno wa chuma. Kisha nikazungusha bolti za miguu mpaka kila kabati likajikaza dhidi ya sakafu, likawa halitikisiki hata ulipige bega.

Barasa alikuwa anamenya viazi. Akaangalia kigingi kimoja kilichoanguka karibu na mguu wake, akakiokota.

"Fundi, hii ni fupi."

"Najua, mzee."

Akakigeuza geuza, akanitazama, akakitupa motoni. "Mimi nilikuwa namenya viazi," akasema. "Sikuona kitu."

Saa kumi Bwana akarudi. Akahesabu vichwa vya skrubu. Akashika kabati la katikati kwa mikono miwili akalivuta. Likakaa. Akavuta tena, akakohoa, akasema, "Sasa nenda." Nikaenda. Lori la maziwa lilinishusha Nakuru jioni ile, na nilipofika chumbani sikuwa na hamu hata ya kuvua viatu.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Barasa mwenyewe, alipokuja mjini kununua sufuria. Bwana alisafiri kwenda Nairobi kwenye mnada wa ng'ombe. Asubuhi hiyo hiyo lori la kukodi likaingia uani. Barasa na wakamuaji wawili wakalegeza bolti, wakavuta, na skrubu zikatoka na vigingi vyake, chokaa ikaanguka kidogo, basi. Sita yakapakiwa. La saba, lile dogo la unga, Memsabu akasema lipelekwe kwa mke wa Barasa, na liko huko mpaka leo. Kisha akapanda mbele na dereva, hakubeba kingine isipokuwa nguo zake.

Shamba halikuuzwa. Barasa bado yuko, mahindi yake yako, anapikia mtu mmoja kwenye ile meza ndefu ya zamani na mgongo wake umepumzika. Anasema Bwana siku hizi anakula mayai tu, asubuhi na jioni, na hagombi tena.

Lakini kwanza alikuja kugombana na sisi. Aliingia karakanani na kigingi kimoja mkononi, akakiweka mbele ya Kalasinga, akapiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Kalasinga alivaa miwani, akakichunguza kama daktari. "Bwana," akasema polepole, "ukuta yako mzee sana. Hii kosa ya ukuta." Bwana akatukana, akaondoka. Neno la D.O. hakulisema tena. Nadhani aliona aibu kueleza kisa chenyewe ofisini.

Kalasinga akanigeukia. "Hamisi, mimi nafanya mbao miaka arobaini. Hii kigingi nani nakata?"

"Mimi."

"Wewe napiga msasa dawati ya shule. Zote."

Madawati mia na kitu, Dada. Vidole vyangu havina alama tena. Ndiyo maana mwandiko wangu umekuwa hivi, usidhani nimelewa.

Sasa nimalizie. Jumatano iliyopita Kalasinga alinipa anwani, akasema kuna kabati za kurekebisha miguu. Nikapanda upande wa juu wa mji, kuelekea Menengai, kwenye vijumba vya kupanga vya vyumba viwili. Aliyefungua mlango ni Memsabu. Amevaa aproni iliyoungua upande mmoja. Makabati manne yameenea jikoni, mawili yako chumbani kwake yana vitabu. Jikoni mna moshi wa kumtoa nyoka pangoni. Dada, mwanamke yule hajui kuwasha moto! Ameagiza makabati saba ya kupikia, amenisumbua wiki tisa juu ya droo ya visu na droo ya vijiko, na hajawahi kuchemsha maji.

Nililala chini nikazungusha bolti, dakika chache tu, yakatulia. Nikamfungulia dirisha. Nikamwonyesha kupanga kuni, ndogo chini, nafasi ya hewa katikati, na kwamba lile bomba la moshi lina kifuniko cha kuvuta. Aliinama akatazama kwa makini, mkono kiunoni. Kisha akasema, "Ngoja. Hapana enda."

Akatia maji, akatia majani, akatia maziwa kabla maji hayajachemka, akakoroga kwa uma kwa sababu hakukiona kijiko. Akamimina vikombe viwili sawasawa. Kimoja akaniwekea mimi juu ya ubao wa mvule, akasema, "Kaa, Hamisi." Miaka sita niko bara, sijawahi kumiminiwa chai na mzungu. Ilikuwa vuguvugu, ina moshi, haina sukari. Yeye aliionja ya kwake akakunja uso, akanitazama aone nitafanya nini.

Nikainywa mpaka chini, nikamwambia ni nzuri, ila kesho angoje maji yapige kelele.

Basi, umejua. Nisalimie Shemeji Bakari, mwambie ile randa aliyoniomba nimeipata na nitaituma na dereva wa hapa Bondeni anayekuja Mombasa. Shangazi Mwanakombo anikumbuke katika dua zake, na asinitafutie tena mchumba bila kuniuliza. Mwalimu Athumani aliyenifundisha kushika kalamu, mpe mkono wangu. Wadogo wote nawabusu, na Mwanaisha nambusu kwa masharti.

Ni mimi mdogo wako, ambaye vidole vinamuuma na hasira zimepungua,

Hamisi